Chungu cha Nyumba Saba

1

Mama yake Tumpe alipanda mzani akiwa amekaza kitenge kiunoni, akashuka bila kushika ukuta, akauliza kama sasa anaruhusiwa kwenda shambani kwake maana jua linapanda na wenzake wameshatangulia. Kishikwambi kilichokuwa mapajani mwa Tumpe kikaandika kilo arobaini na saba na nusu. Miezi minane nyuma, mama huyohuyo juu ya mzani huohuo, kiliandika sitini na mbili.

"Jana ulikula nini, Mama?"

"Nilikula."

"Nimeuliza nini."

Bi Subilaga akacheka. Miaka sitini na nane, na bado alikuwa na kicheko cha kumtia mtu adabu. "Mwanangu, miaka minne nimekaa kwenye kile kiti, magoti yamevimba, nangoja mtu apite anisogeze kivulini. Leo napalilia mistari kumi na miwili kabla ya saa nne. Kama una machozi, ungeyatoa wakati ule."

Akabeba jembe, akaenda zake. Kiraka kilichobandikwa mkononi mwake, juu kidogo ya kiwiko, kikawaka kijani, maana yake moyo unadunda sawasawa, sukari haijapanda, uchovu hakuna. Tumpe alimtazama akipanda kilima cha kanisani bila kusimama hata mara moja, na badala ya kufurahi akaogopa. Ni aibu binti kuogopa afya ya mama yake, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sababu alikuwa nayo. Wiki tatu kabla, Mzee Asajile, fundi wa kupogoa mikakao, alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa amekwisha kufa kabla ya kufika chini. Watu wakasema ngazi. Kisha Jumanne iliyopita Mama Tupokigwe alikutwa ameketi chini ya mkakao wake, mgongo kwenye shina, tunda lililopasuliwa nusu mapajani, panga pembeni. Watoto walimsalimia mara mbili wakidhani anapumzika. Kiraka chake kilikuwa kijani mpaka dakika ya mwisho. Hakikuwahi kusema amechoka. Wakati wa kumwosha, wanawake walinong'ona kwamba marehemu alikuwa mwepesi kama kikapu.

"Mizani," Tumpe akakiambia kishikwambi. "Nipe vifo."

Mizani ndilo lililokuwa jina la ule ubongo wa mashine uliosimamia jaribio. Ulikuwa na sauti ya kike na Kiswahili cha pwani kilichonyooka, kisichojua kukasirika. "Vifo viwili, Bi Tumpe. Wenye kifuniko cha njano, kimoja. Wenye kifuniko cha bluu, kimoja. Tofauti kati ya makundi ni sifuri. Kakao hai haihusiki."

Bonde zima la Lupembela lilijua habari ya vifuniko. Watu mia nne na kumi na wawili walipewa makopo ya unga wa kakao, nusu yao ya kifuniko cha njano, nusu ya bluu. Kundi moja lilipata kakao ya kawaida, kama ile waliyoivuna babu zao. Kundi jingine lilipata kakao hai, iliyohifadhi ile dawa ya asili ambayo mmea huitengeneza kujilinda na wadudu, na ambayo mwilini hufungua mishipa ya damu, huzidisha vile vinu vidogo vinavyochoma mafuta ndani ya nyama, na kumfanya mtu apande mlima kama anateremka. Nguvu yake ilikwisha kuthibitishwa mwaka uliopita kwa wanariadha sitini wa mbio ndefu. Lupembela iliulizwa swali moja tu: je, inaua?

Na jibu lilikuwa linatakiwa baada ya siku tisa. Likiwa ni hapana, kakao hai ingeingia kwenye uji wa kila shule na kila kiwanda nchini kabla ya mvua za masika.

"Mshiriki namba mia moja na tisa," Tumpe akasema. Hiyo ilikuwa namba ya mama yake. "Amepungua kilo kumi na nne na nusu. Ni wa bluu. Bluu ni ya kawaida au ni hai?"

"Sina ruhusa ya kukwambia. Ila nakukumbusha kwamba wastani wa kupungua uzito ni uleule kwa makundi yote mawili."

Uleule. Hapo ndipo Tumpe alipokuwa anakwama kila siku. Nusu ya watu wale walikuwa wanakunywa kitu kisicho na lolote, basi wamepata wapi miguu?

Alimpigia Daktari Mntangi, bosi wake, aliyeko mjini. Uso wa daktari ukatokea kwenye kioo, umenyolewa vizuri, nyuma yake dirisha lenye mwanga. "Kuiga, Tumpe," akasema. "Jirani akiamka saa kumi na moja kulima, wewe utalala? Kijiji kizima kimeanza kutembea. Tumeshaliandika hilo."

"Na vifo, Daktari?"

"Wazee hufa. Kimoja huku, kimoja kule. Vingekuwa viwili upande mmoja, hata mimi nisingelala." Akatabasamu. "Wewe tia saini yako ya ushuhuda tarehe kumi na nne, halafu uje mjini tukupe kazi ya maana."

Tumpe akashukuru, maana alifundishwa kushukuru. Lakini moyoni akasema hapana, kuna mtu anachezea makopo haya, na nitamjua.

2

Wa kwanza kushukiwa naye alikuwa dereva wa gari la makopo, kwa sababu dereva ni mtu wa kupita na mtu wa kupita ni rahisi kumshuku. Siku mbili alimkagua, akahesabu makatoni mbele yake, akasoma lakiri zilizoyafunga moja baada ya nyingine. Dereva alivumilia, mwisho akamuuliza kama anataka kukagua na mfuko wake wa suruali. Makopo yote yalikuwa sawa.

Akabaki mjomba.

Mjomba Ambokile alikuwa fundi mvundikaji wa chama cha msingi cha wakulima, kaka wa mama yake, mtu ambaye kwa miaka arobaini mkono wake ulikuwa ndio kipimajoto cha bonde. Kakao haiwi kakao mpaka ivundikwe. Punje mbichi zenye ute wake hujazwa kwenye sanduku la mbao, hufunikwa majani ya mgomba, na kwa siku sita hujichemsha zenyewe bila moto, zikigeuzwa siku ya pili na ya nne. Ukali unakufa humo ndani na harufu inazaliwa. Kwenye banda lake sasa kulikuwa na mistari miwili ya masanduku. Wa kushoto ulivundikwa kama zamani. Wa kulia ulinyunyiziwa hamira ya kampuni yenye jaribio, iliyotengenezwa ili punje ipate rangi na harufu huku ile dawa ya asili ikibaki hai. Baada ya hapo punje zilikwenda kiwandani, zikasagwa, zikaondolewa uchungu, na mpaka zinarudi kwenye makopo hata mjomba mwenyewe asingeweza kuzitofautisha.

"Mugonile, Mjomba," Tumpe akasalimia mlangoni.

"Ndaga, mwanangu. Ingia. Umekuja kunisalimia au umekuja na hicho kibao chako?"

Tumpe akaweka kishikwambi chini, lakini swali hakuliweka chini. Akauliza kama kuna siku masanduku yaliwahi kuchanganyika. Labda wakati wa kugeuza. Labda siku mjomba alipougua.

Mzee aliinuka. Alikunja mkono wa shati mpaka begani, akasukuma majani ya mgomba, akazamisha mkono kwenye sanduku la kushoto mpaka kwenye kwapa, akafumba macho. Akautoa, akaufuta, akauzamisha kwenye la kulia. Kisha akachukua kisu akapasua punje moja ya huku na moja ya kule, akampa zote mbili. Zote zilikuwa za kahawia, zimepasuka ndani vizuri, punje za kupigiwa makofi.

"Tafuna."

Ya kwanza ilikuwa chungu kwa upole. Ya pili ilimkausha ulimi kama amelamba ganda la ndizi changa.

"Hiyo ya pili ni mbichi iliyovaa nguo za iliyoiva," mjomba akasema. "Sanduku lake halipati joto lake sawasawa. Macho yanasema imevundika, mkono unakataa. Tangu siku ya kwanza siipendi, nikawaambia wale vijana wa kampuni, wakaandika, wakaenda. Sasa wewe, Tumpe, mtoto wa dada yangu, unakuja kuniuliza kama mimi naweza kuyachanganya haya mawili? Mimi?"

"Mjomba, sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Sema tu." Akashusha mkono wa shati. Hakuwa amekasirika kwa kelele, na hilo lilimuuma Tumpe zaidi. "Unamtafuta mchawi nje. Kwanza tazama kwenu ndani."

Tumpe aliondoka na uso umeshuka. Njia nzima hadi kwenye kibanda cha vipimo alikuwa anatafuta mtu mwingine wa kumshuku, kwa sababu kushuku nako ni kama kujikuna, ukianza huachi. Akafika kwenye viraka vyenyewe. Huenda watu hawana kosa, kosa liko kwenye mashine. Huenda viraka vinasoma uongo na Mizani inajumlisha uongo.

Hilo lilikuwa rahisi kulipima. Alihitaji mtu mmoja tu asiye na kopo. Yeye mwenyewe hakuwa mshiriki; kazi yake ilikuwa kushuhudia wengine wakinywa, na mashahidi hawaruhusiwi kushiriki. Akachukua kiraka kipya kwenye boksi, akakibandika mkononi mwake, akalala nacho siku mbili.

3

Asubuhi ya siku ya tatu, mvua ikinyesha kwenye bati la kibanda, Mizani ikamaliza kusoma.

"Mshiriki mpya anaonyesha alama za mnywaji wa kakao hai, kama za wale wanariadha," ikasema. "Muda wa kunywa, miezi saba hadi minane. Anachoma mafuta kwa kasi mara moja na nusu ya kawaida. Homoni ya njaa iko chini sana. Nimwandikishe kwa kifuniko gani?"

Tumpe akadhani hajasikia. "Kiraka ni kizima?"

"Kizima. Nimekilinganisha na vingine mia nne na kumi."

Akajitazama. Akaangalia viuno vyake, ambavyo kwa miezi kadhaa alikuwa akiviingiza kwenye sketi za zamani akifurahi kwamba kazi ya kutembea imemsaidia. Akajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alisikia njaa. Hakukumbuka. Alikuwa anakula kwa saa, kwa sababu saa saba ni saa ya kula. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa ameizoea nguo yenyewe.

Lakini alikunywa wapi? Hakuwahi kufungua kopo. Hakuwahi kuonja chochote ila chai ya ofisini, na kile kikombe cha asubuhi kwa...

Akaondoka kwenye mvua bila mwavuli.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mama yake. Mstari wao wa nyumba ulikuwa na nyumba saba, na tangu Tumpe anazaliwa nyumba saba zilikuwa na zamu saba, moja kila siku ya wiki, ya kuchemsha kinywaji cha asubuhi. Zamani ulikuwa uji wa mchele. Makopo yalipokuja ikawa kakao yenye maziwa na tangawizi. Ukinywa kwako peke yako umejifungia mlango, watu wa Lupembela hawatakugombeza. Wataanza tu kujiuliza una nini unachoficha, na ukiugua jirani wa kwanza kupita atakuwa na maelezo tayari. Mtu mwema hunywa na wenzake. Hilo hata halisemwi, mtoto hulinyonya na maziwa.

Alipoingia jikoni, walikuwa wote wamekaa kwenye vigoda kuzunguka chungu kikubwa cheusi. Sekela, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa wa kwanza kufungua kopo lake, la njano. Akachota vijiko viwili, akavionyesha juu kwa utani kama anavyofanya kila siku, "Shahidi, umeona?", akavimimina kwenye chungu. Aliyemfuata alikuwa na kopo la bluu. Vijiko viwili, chunguni. Kisha njano. Kisha bluu. Bi Subilaga akakoroga kwa mwiko mrefu.

Na Tumpe, ambaye alikuwa ameshuhudia jambo hili asubuhi zaidi ya mia mbili, akaliona kwa mara ya kwanza.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa akipita mlango kwa mlango kama alivyofundishwa kwenye semina. Wanawake ndio waliomwonea huruma: mbona unatembea kwenye tope, mwanetu, njoo kwenye chungu utuone wote pamoja. Akaja. Akaona kila mmoja akifungua kopo lake, akaona kila mmoja akinywa kikombe chake, akaandika *Nimeshuhudia*. Hakuna aliyedanganya. Kikombe cha nane kikawa chake, maana huwezi kumkalisha mtu jikoni ukamnyima kikombe. Na kama mstari wao ulifanya hivi, mistari yote ya Lupembela, yenye desturi ileile na mashahidi wake waliokaribishwa jikoni vivyo hivyo, ilifanya hivi. Bonde zima lilikuwa limekunywa chungu kimoja kwa miezi minane, na mashine yenye akili kuliko wote, iliyoulizwa tofauti tu, ikawa inalinganisha chungu hicho na chungu hichohicho, inaona tofauti ni sifuri.

Mama yake akamnyooshea kikombe. "Umelowa. Kunywa upate joto."

Tumpe alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akakiweka chini.

4

Aliwaambia palepale. Hakuwa na ufundi wa kupanga maneno, alisema kama yalivyokuja: kwamba yale makopo, kama walivyoambiwa tangu mwanzo, hayakuwa kitu kimoja, kwamba walikuwa wanayachanganya, kwamba kwa sababu hiyo Mzee Asajile na Mama Tupokigwe wamehesabiwa kimoja huku kimoja kule na kakao imetoka safi. Kwamba dawa ile haileti nguvu kutoka mbinguni, inazitoa mwilini mwa mtu, inachoma mafuta na yakiisha inachoma nyama, huku imemnyamazisha yule mlinzi anayepiga kelele *njaa* na yule anayepiga kelele *pumzika*. Wanariadha hawakudhurika kwa sababu walikuwa na kocha wa kuwapimia sahani. Hapa nani anapimiwa sahani?

Chungu kilikuwa bado kinatokota.

"Una hakika?" Sekela akauliza.

"Sina. Ndiyo maana nasema hivi. Hakuna anayeweza kuwa na hakika, kwa sababu ya hiki chungu."

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Saini yangu inasema nimemshuhudia kila mtu akinywa kakao ya kopo lake. Nikiifuta na kueleza kwa nini, jaribio lote limekufa. Watakuja kuchukua makopo siku hiyohiyo."

Bi Subilaga aliacha kukoroga. "Na miguu yangu?" akasema.

Tumpe akakitazama kikombe alichokiweka chini.

"Nakuuliza wewe, Tumpe. Miguu yangu?"

"Mama, una kilo arobaini na saba."

"Najua kilo zangu, kila siku unaniimbia. Nikiwa na sitini na mbili nilikuwa gunia. Mlinipitia mkienda kanisani, mkarudi, mkanikuta palepale. Wewe ulikuwa unanipangusa nzi, Tumpe, unakumbuka? Nzi!" Akagonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Kama nitakufa, acha nife nimesimama kwenye shamba langu kama Tupokigwe. Usininyang'anye miguu. Mimi ni mtu mzima, nimekubali."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tumpe angeweza kunyamaza siku nne tu. Angetia saini, angekwenda mjini, mama angeendelea kupanda kilima kile asubuhi na jioni, labda mwaka, labda kumi. Pengine Daktari Mntangi yuko sahihi na wazee hufa. Alimpenda mama yake, na mama yake alikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu baba afe. Binti wa namna gani huenda kuizima hiyo kwa mkono wake?

Sekela akavuta pumzi. Alikuwa na watoto watatu, mdogo wao darasa la pili. "Mama Tumpe, wewe umekubali, na mimi nimekubali," akasema taratibu. "Mwaka ujao wanatia kwenye uji wa shule. Huyu wangu, Lusajo, akiingia kwenye mchezo anasahau chakula mpaka tumbo limpigie kelele. Likinyamazishwa, nani atamwambia ale?"

Bi Subilaga alimtazama Sekela. Akatazama chungu. Kisha akachukua kikombe alichokataa Tumpe, akakinywa chote mbele yao, akakigeuza juu chini kwenye meza.

"Fanya unavyojua," akamwambia binti yake. "Lakini usije ukasema mama alikuruhusu."

5

Tumpe hakungoja tarehe kumi na nne. Alirudi kibandani na nguo zilezile zilizolowa, akafunga mlango.

"Mizani, fungua ushuhuda wangu."

Orodha ikajaa kwenye kioo, asubuhi baada ya asubuhi, *nimeshuhudia, nimeshuhudia*, jina lake chini ya kila mstari.

"Futa."

"Mstari upi, Bi Tumpe?"

"Yote. Andika kwamba washiriki walichanganya makopo kwenye chungu kimoja tangu wiki ya tatu, kila siku, na shahidi alikuwepo na alikunywa pia. Andika jina langu."

"Nikiandika hivyo, kazi yako inakoma leo, na hutaruhusiwa tena kwenye jaribio lolote. Una hakika?"

"Andika."

Mizani ikaandika. Kisha ikarudia hesabu iliyokwisha kuisahihisha.

"Kwa taarifa hii siwezi tena kulinganisha njano na bluu," ikasema. "Nimewahesabu wote kama wanywaji wa kakao hai, nikawalinganisha na vipimo vyao wenyewe vya kabla ya jaribio. Mzee Asajile na Mama Tupokigwe walikuwa na mwenendo unaofanana katika siku zao arobaini za mwisho. Washiriki kumi na saba wana mwenendo huo sasa. Nisome namba?"

Mvua ilikuwa imepungua. Tumpe akavuta kishikwambi karibu.

"Mia moja na tisa yumo?"

"Yumo. Ni wa pili kwa hatari."

Daktari Mntangi alipiga simu kabla Tumpe hajafika mlangoni. Alipiga kelele kwanza, akasema neno uzembe mara nyingi, na Tumpe hakubisha kwa sababu lilikuwa neno sahihi. Kisha akaulizia namba zile kumi na saba, akasomewa moja moja. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Unajua umewaondolea nini wazee wako?"

"Najua kuliko wewe, Daktari."

Gari lilikuja saa nane mchana, dereva yuleyule. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya makopo, ya njano na ya bluu, akayatupia kwenye sanduku moja bila kuyatenganisha.

6

Kwa siku tano Bi Subilaga alikwenda shambani kama kawaida. Siku ya sita alisimama katikati ya kilima cha kanisani, akashika mti. Ya kumi alirudi na jembe akiliburuza. Ya kumi na mbili alikaa kwenye kile kiti, na Tumpe aliyekuwa anafagia uwanja akajifanya hajaona.

Hakumsemesha binti yake. Alikula alichopewa, vijiko vitatu au vinne, akasukuma sahani. Wakija wenzake alizungumza nao na kucheka nao, Tumpe akiingia akanyamaza. Mjomba Ambokile alikuja siku moja na mfuko wa punje za mstari wa kushoto, akamwambia Tumpe kwamba kampuni imeondoa hamira yake na masanduku yote yana joto lake sasa. Akaongeza kwamba dada yake tangu utoto alikuwa na kiburi, asimsumbue. Lakini Tumpe alisumbuka. Usiku alimfunika blanketi na kuhesabu mbavu zake kwa macho. Asubuhi alimsogeza kivulini, jua likizunguka akamsogeza tena, na kila mara alipoinama kunyanyua kiti alikutana na yale macho yaliyokuwa yakitazama kilima.

Siku ya kumi na tisa, kama saa sita mchana, Tumpe alikuwa jikoni akimenya ndizi. Maharage yalikuwa yameiva na nazi, harufu imetoka mpaka uwanjani.

"Tumpe."

Kisu kikamtoka mkononi. Akatoka mbio. Mama yake alikuwa ameketi vilevile, mikono mapajani, lakini uso wake ulikuwa na mshangao, kama mtu anayesikia mlango ukigongwa na mgeni aliyekwisha kumsahau.

"Abee, Mama."

"Usidhani nimekusamehe."

"Ndiyo, Mama."

"Sijakusamehe." Akaweka kiganja tumboni, akakibonyeza taratibu, akakiacha hapo. "Nina njaa."

Tumpe alitaka kucheka, ikatoka kwikwi, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Akageuka kukimbilia jikoni kupakua.

"Unakwenda wapi?" Bi Subilaga akamwita. "Nitakulaje peke yangu kama mchawi? Na mimi siwezi kufika huko. Kawaite wenzangu."

Tumpe akafunika sufuria, akavuka uwanja kwenda kuwaita, akaanzia mlango wa Sekela.